Mama hatupi kitu, na wakwe wanataka kuja nyumbani

SWALI

Daktari, nina miaka 32, ni binti wa kwanza, nakaa Himbi hapa Goma. Mama yangu anaishi Majengo katika nyumba ya mbao pamoja na mdogo wetu wa kike wa miaka 15. Baba alifariki. Tangu nipate akili, Mama hatupi kitu. Mabidoni yaliyotoboka, viatu visivyo na mwenzake, magazeti, mifuko ya unga, redio zilizokufa, nguo za mitumba zilizomshinda kuuza alipokuwa na meza soko la Virunga. Chumba cha wavulana kimejaa hadi darini, mlango haufunguki. Sebuleni imebaki njia moja ya kupita. Hakuna rafiki aliyewahi kuingia kwetu.

Mama husema ni kwa sababu volkano ya 2002 ilimmalizia kila kitu. Lakini nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka hata ile nyumba ya kwanza iliyofunikwa na lava ilikuwa imejaa. Mwaka 2021 tulipoambiwa tutoke mjini alikataa. Aliuliza nani atabaki na vitu.

Sasa nina mchumba na familia yake inataka kuja kujitambulisha. Mwezi ujao Mama atapanda boti kwenda Bukavu kwenye kilio, wiki mbili. Wadogo zangu wanasema tukodi gari, tutoe vyote, akirudi akute nyumba safi. Tufanye hivyo? Je, huu ni ugonjwa au ni ukaidi? Naogopa nami nitakuwa hivyo. Mchumba wangu hajui lolote.

JIBU

Dada yangu, nianze na lile lenye tarehe: msikodi gari.

Wadogo zako wana nia njema, na naelewa kwa nini wazo hilo linavutia. Wiki mbili, vijana wenye nguvu, Fuso moja, na utoto wenu wote unapakiwa kwenda jalalani. Lakini mama yako hatarudi akute nyumba safi. Atarudi akute nyumba iliyoporwa, na walioipora ni watoto wake. Kwa mtu mwenye tatizo hili, kutolewa vitu bila ridhaa kunauma kama kufiwa, naye atakuwa ametoka msibani. Baada ya hapo huwa haamini tena mkono wa yeyote aliyehusika. Anaanza kuficha, ananunua kufuli, na anakusanya upya kwa kasi kuliko zamani. Ofisi ya afya ya mji mmoja mdogo wa Marekani iliwahi kutumia dola 16,000, sehemu kubwa ya bajeti yake, kusafisha nyumba moja ya namna hii. Mwaka na kitu baadaye nyumba ilikuwa imejaa tena.

Kwa mtu wa Goma kuna sababu nyingine, na mimi naiona nzito kuliko hizo. Lava ya usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembeni ya mji, kule Buhene, lakini tarehe 27 gavana alipoamuru mitaa 10 ihamwe, mama yako alibaki kulinda vitu. Sasa tuseme amekwenda Bukavu, amerudi, havipo. Atakuwa amejifunza kwamba ukitoka, wanachukua. Hatakwenda tena kilio cha mtu. Atakataa kulazwa hospitali. Na usiku mwingine mji ukitakiwa kuhama, ambao sisi sote hapa tunajua unaweza kuja, hamtamtoa mlangoni hata mkimbeba.

Halafu kuna karatasi. Katika nyumba hizi takataka na mali hulala kitanda kimoja. Hati ya kiwanja imo ndani ya gazeti la zamani, diploma ya serikali ya kaka yako iko chini ya mfuko wa vifuniko vya chupa, noti za dola zimekunjwa kwenye soksi isiyo na mwenzake. Anayetoa kwa koleo hawezi kuchagua. Fikiria mgogoro wa parsele Majengo, nanyi mmeitupa hati kwa mikono yenu.

Uliuliza kama huu ni ugonjwa. Ndiyo. Kwa Kiingereza unaitwa hoarding disorder, yaani ugonjwa wa kurundika vitu. Zamani madaktari waliuhesabu kuwa tawi la ule ugonjwa wa wasiwasi unaomfanya mtu anawe mikono au akague kufuli mara mia. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliupa nafasi yake peke yake katika mwongozo wa magonjwa, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake inayotumika tangu 2022. Wanachotazama ni kwamba mtu anashindwa kuachana na vitu, viwe na thamani au visiwe nayo, kwa muda mrefu. Kuachana navyo kunamtesa kweli, hadi vyumba vinapoteza kazi yake: jikoni hapapikiki, kitandani hapalaliki. Nyumba ikiwa safi kwa sababu tu ndugu wanapita kutoa, ugonjwa unahesabika uko palepale.

Hapa kwetu lazima niongeze neno, maana mwongozo ule haukuandikwa na mtu aliyekulia mtaa wa Birere. Goma kitu hakifi mara moja. Kopo la mafuta ya msaada linakuwa kipimo cha maharage, tairi inakuwa kandambili, mfuko wa unga unaziba ukuta, turubai la kambi linahamia kwenye banda la kuku. Mwanamke aliyekimbia mara tatu na kuweka mabidoni kumi nyuma ya nyumba si mgonjwa. Ana akili, maana maji yakikatika yeye anapika. Kwa hiyo nikiingia nyumbani kwa mtu sihesabu vitu. Natazama kama vinatoka. Mfanyabiashara anaweza kuwa na stoo iliyojaa hadi juu, lakini mzigo unaingia na kutoka, na akipata bei nzuri anafurahi. Natazama pia uso wa mwenye nyumba jirani anapoomba bidoni moja kati ya arobaini. Na mabidoni ya mama yako, umeandika mwenyewe, yametoboka.

Ubahili ni jambo jingine. Bahili anapenda kuongezeka, na anajua alichonacho ni kiasi gani. Mama yako hajui kuna nini katika chumba cha wavulana. Uchawi na pepo siviingizi hapa. Mkienda kuombewa, nendeni, ila msikubali mtu awaambie vitu vichomwe ili roho itoke. Ni gari lilelile la Fuso, limevaa kanzu tu.

Katika nchi zilikofanyika tafiti, kama watu wazima 2 au 3 kati ya 100 wana hali hii. Nchi hizo ni tajiri kuliko yetu, jambo linaloonyesha kwamba chanzo si umaskini. Mfano unaotajwa zaidi ni wa ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer, watoto wa daktari, waliokutwa wamekufa mwaka 1947 ndani ya nyumba yao ya ghorofa iliyojaa tani kwa tani za magazeti, vinanda na vyuma. Mmoja aliangukiwa na marundo yake mwenyewe. Mwingine alikuwa kipofu na hawezi kutembea, akafa kwa kukosa wa kumlisha.

Hapo naingia kwenye volkano. Kumbukumbu yako ya nyumba ya kwanza ni sahihi kuliko unavyodhani. Watafiti wamewauliza watu wa hali hii kama walikua katika uhitaji, na jibu halikuwatofautisha na watu wengine. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni misiba na matukio ya kutisha: kufiwa, kushambuliwa, kupoteza kwa ghafla. Tena tatizo lenyewe kwa kawaida huanza mapema, katika miaka ya kubalehe, na kuzidi kila muongo. Kwa hiyo lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, haikumpa mama yako ugonjwa. Ilimkuta nao ikaupa hoja isiyopingika, maana nani katika mji huu atamwambia mama aliyepoteza nyumba kwamba hana haki ya kushika vitu? Usibishane naye juu ya hilo. Hata ukishinda, hakuna bidoni litakalotoka kwa sababu ya ushindi huo.

Ila ngoja niseme kinachotokea kichwani mwake, kwa sababu ukikielewa utaongea naye tofauti. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwaweka watu wa hali hii kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha karatasi na kuwataka waamue: ibaki au ichanwe. Karatasi ilipokuwa ya mtu mwingine, sehemu za ubongo zinazopima uzito wa jambo zilifanya kazi chini ya kawaida. Ilipokuwa yao, sehemu hizohizo zilichemka kupita kiasi. Mama yako akishika kiatu kimoja, ubongo wake unampigia kengele ambayo wewe unaisikia siku ya kuamua kuuza shamba la ukoo. Kukirudisha kiatu chini kunaizima. Siku mia, kengele mia, na chumba cha wavulana hicho.

Ongeza kwamba wengi wao wanapata shida kupanga vitu kwa makundi, kwa kuwa kila kitu wanakiona cha pekee. Wanaogopa kwamba kisichoonekana kwa macho kitasahaulika, ndiyo maana vyote viko juu, vyote viko nje, hakuna kilicho kabatini. Na wanajiona na jukumu kwa vitu: kutupa ni dhambi, maana kipo kitakachomfaa mtu. Hebu jaribu kumuuliza mama yako bidoni lililotoboka ni la nini. Atakujibu vizuri kabisa: likikatwa linapandwa vitunguu, mfuniko wake unafaa jingine, plastiki yake inaziba tundu la jingine. Kwa kila kitu kimoja kimoja yeye ana haki. Kosa liko kwenye jumla, na jumla ndiyo asiyoiona. Kwa hiyo lile swali la kila siku nyumbani kwenu, "Hii nayo ya nini?", linampa zoezi la kutetea, na kila anapotetea kitu anazidi kukipenda.

(Mtu mwingine akisoma hapa, ambaye mzazi wake alikuwa na nyumba ya kawaida maisha yote kisha ghafla uzeeni akaanza kuokota na kurundika, au baada ya kuumia kichwa: hiyo ni habari nyingine, mpeleke kwa daktari apimwe, maana inaweza kuwa ubongo unaochoka.)

Barua yako ina sentensi moja fupi: hakuna rafiki aliyewahi kuingia kwetu. Umeiandika ukapita. Mimi nimebaki hapo.

Nimekutana na watu wazima wengi waliokulia nyumba kama hiyo, na mengi ya wanayoniambia yanafanana. Mtoto anasikia hodi, anaruka, anatoka nje na kuvuta mlango nyuma yake, anamsalimia mgeni akiwa amesimama kizingitini kama askari. Anajifunza uongo mdogo mdogo: Mama amelala, nyumba inapigwa rangi, tukae tu kivulini hapa nje. Daftari linapotea ndani ya nyumba, anapigwa shuleni, hasemi ni kwa nini. Sare inanuka unyevu. Rafiki akimwalika anakwenda mara moja, ya pili anaacha, kwa sababu atatakiwa kumwalika naye. Na haambii mtu, kwani siri ya nyumba haitoki, na mtoto anayesema mabaya ya mama yake atapata laana. Hivyo anabeba aibu ya mtu mzima, na mtu mzima mwenyewe mara nyingi haioni. Kutouona msongamano ni sehemu ya ugonjwa.

Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliowauliza ndugu 665 wa watu wenye hali hii. Waliokuwa wameishi katika msongamano kabla ya kufika miaka 10 walisema walikuwa na aibu zaidi, furaha kidogo, marafiki wachache na uhusiano mgumu zaidi na wazazi wao, kuliko waliokutana nao wakiwa wakubwa. Nyumba yenu ya kwanza ilikuwa imejaa, na ulikuwa hujapita minane. Hesabu unaweza kuifanya.

Kuna kitu kingine ambacho utafiti haukisemi vizuri. Mtoto anapotaka nafasi ya kulala na kuambiwa vitu havisogezwi, anaelewa jambo moja kuhusu cheo chake nyumbani. Mama yako hakulikusudia. Huenda alikupenda kuliko mama wengi, huenda hata zile nguo za mitumba alizirundika akisema ni za watoto. Lakini uliona alivyolinda redio iliyokufa, na ukalinganisha. Hasira uliyonayo si ukosefu wa adabu. Unaweza kuwa nayo na bado ukampelekea Mama unga kila mwezi, kama nadhani unavyofanya. Sikulazimishi umsamehe kabla ya harusi wala kabla ya tarehe yoyote.

Na wadogo zako wanaotaka gari, waangalie kwa jicho hilo. Katika familia hizi watoto hugawana kazi bila kukaa kikao: mmoja anasafisha kisirisiri, mmoja anakimbia nyumba mapema, mmoja anakuwa wakili wa mama. Kisha wakubwa wanagombana wao kwa wao. Waonyeshe barua hii kabla mwezi haujaisha.

Kuna mtu uliyemtaja na hukuniuliza chochote juu yake. Mdogo wenu wa miaka 15. Yuko ndani ya utoto wako sasa hivi, usiku wa leo. Ningekuwa wewe, ningeanza na yeye kabla ya wakwe na kabla ya chumba cha wavulana. Anahitaji kitanda kisichokuwa na kitu juu yake, meza ya kusomea hata iwe ndogo, na ruhusa ya kulala kwako Himbi siku kadhaa kila wiki bila kuambiwa amemwacha mama. Anahitaji pia kusikia kutoka kwako kwamba ni ugonjwa, una jina katika vitabu vya madaktari, na hakuusababisha kwa kutosaidia kazi za nyumbani. Wewe hukuambiwa hivyo na mtu. Mwambie yeye.

Sasa Mama akirudi kutoka Bukavu. Usianze na usafi. Neno usafi kwake lina miaka 30 ya matusi ndani yake. Anza na moto. Nyumba ni ya mbao, mnapika kwa makaa, umeme ukikatika mnawasha mshumaa, na kuna njia moja ya kutoka. Jijini Melbourne, Australia, wazima moto walitazama vifo vya moto wa majumbani ambavyo vingeweza kuzuilika katika miaka 10, wakakuta 24 kati ya kila 100 vilikuwa katika nyumba zilizorundikwa vitu, ingawa nyumba hizo zilikuwa sehemu ndogo kabisa ya mioto yote. Na wale wana magari ya zimamoto yanayofika. Sisi tunajua moto wa nyumba za mbao Goma unavyoruka kutoka parsele hadi parsele.

Kwa hiyo muombe mambo machache, yote ya uhai: njia pana kutoka kitandani hadi mlangoni, na kama kuna mlango wa pili, ufunguke, pasiwe na karatasi wala kitambaa karibu na jiko, karibu na vitanda marundo yashuke chini ya kiuno, maana baada ya volkano ya 2021 ardhi ilitikisika siku nzima nzima na rundo la hadi darini halihitaji tetemeko kubwa. Na mfuko mmoja wenye karatasi zote muhimu utundikwe karibu na mlango. Huo mfuko ataupenda, kwa sababu unalinda. Karatasi hizo zitafuteni pamoja, polepole. Ni kisingizio kizuri cha kugusa marundo bila kutupa kitu.

Mwambie kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mama, sikuja kutupa. Nataka wewe na mdogo wangu mtoke salama usiku wa moto. Unaniruhusu tusogeze hivi?" Akikubali, yeye anaamua na wewe unabeba. Usiguse kabla hajasema. Msiende wote kama baraza la ukoo, nenda mwenyewe au na yule anayemwamini zaidi. Siku mtakapofika kwenye kutoa, chagueni kitu kisicho na historia, na mabidoni yaliyotoboka ni mahali pazuri. Nguo za watoto na vitu vya marehemu baba yenu viache mwisho kabisa, pengine visiguswe. Wengi wa hali hii wanaachia kwa urahisi zaidi wakijua kitu kinakwenda kutumika, hivyo muite mnunuzi wa plastiki au wa vyuma chakavu, na mzigo uondoke na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, siku ileile. Mzigo ukilala nje ya mlango, asubuhi utakuwa umerudi ndani. Acheni kabla hajachoka. Mifuko miwili iliyotoka kwa hiari yake ina thamani kuliko Fuso. Na tafadhali, wewe na wadogo zako msimletee zawadi za vitu. Mleteeni chakula, mpelekeni matembezi ziwani.

Matibabu yapo. Ni ya mazungumzo, na yametengenezwa mahsusi kwa hali hii, hasa kutokana na kazi ya Randy Frost na Gail Steketee wa Marekani. Kwa kawaida ni vikao kama 26, vingine nyumbani kwa mtu, akijifunza kuamua, kupanga na kuvumilia ile kengele bila kuizima. Wengi wanapata nafuu. Wachache wanabaki bila dalili kabisa. Dawa maalum ya ugonjwa huu haijaidhinishwa, ingawa huzuni au wasiwasi unaoandamana nao unatibika kwa dawa. Goma mnaweza kuanzia kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Charité, ambacho kazi yake ni afya ya akili. Najua watu watasema ni pa wendawazimu. Ndiyo sababu nashauri utangulie wewe, kwa ajili yako, uongee na mwanasaikolojia. Baadaye kumwambia Mama "twende wote pale ninapokwenda" ni rahisi kuliko "twende ukatibiwe". Na kama analalamika hapati usingizi au moyo unamwenda mbio, pelekeni hilo kwanza. Ni mlango anaoukubali. Akikataa kabisa, ni mtu mzima. Njia ya kutokea na usalama wa mtoto usiviachie. Mengine yanaweza kubaki kama yalivyo kwa miaka, na hilo halitakuwa kushindwa kwako.

Wakwe hao sioni kama ni tatizo kubwa. Kwa desturi zetu nyingi hapa Kivu, anayepokea wageni wa posa ni upande wa baba: baba mkubwa, baba mdogo, wazee wa ukoo. Baba yenu amefariki, hivyo hakuna atakayeshangaa wageni wakipokelewa kwa baba mkubwa. Muombe mapema. Lakini Mama aambiwe na wewe kabla ya ukoo, na aambiwe kwa njia ya kumpa nafasi: mtakaa kwa baba mkubwa kwa sababu pana nafasi ya viti, na yeye atakaa kiti cha mama, amevaa kitenge kipya, na mtu asimtume jikoni. Usishangae akishusha pumzi. Hata yeye ameogopa hodi miaka yote hiyo.

Kuhusu kurithi: ndiyo, hali hii inapita katika familia, na tafiti za mapacha zinaonyesha takriban nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi. Nusu nyingine haitokani nao. Na wewe una miaka 32. Kwa kawaida dalili za kwanza zingekuwa zimeshajionyesha. Jiulize kama kumpa mtu nguo usiyoivaa kunakufanya ukose usingizi, na kama kuna pembe ya nyumba yako Himbi ambayo haitumiki tena. Kama hapana, hofu yako ni kovu tu. Ila chunga upande wa pili, ambao nauona mara nyingi zaidi kwa watoto wa nyumba hizi: kutupa kila kitu, kumgombeza mume kwa kuacha gazeti mezani, kumnyima mtoto sanduku la vikorokoro vyake. Na mengine ni kutojua tu. Hakuna aliyekufundisha kupanga kabati; muulize rafiki, siyo aibu.

Mchumba wako umwambie wewe, kabla hajasikia kwa motari au kwa jirani wa Majengo, na kabla ya siku ya wageni. Usimwonyeshe picha wala usimpeleke nyumbani kule wakati Mama yuko Bukavu. Hiyo nayo ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Mwambie ulivyoishi, mwambie ni ugonjwa, na mwambie mapema kwamba mdogo wako atakuwa analala kwenu siku kadhaa za wiki hata baada ya harusi. Sikiliza atakachojibu kwenye hilo la mwisho zaidi kuliko kwenye yale mengine.